Bastola Ndogo kwa Mwanamke Mdogo

Dwight Purcell hakuutazama mkono wa yule mwanamke. Naanzia hapo kwa sababu kila nikisimulia watu huniuliza hasira zote zile zilitoka wapi. Hazikutoka mbali. Zilitoka kwenye kaunta ya kioo, Jumanne saa nne asubuhi, hatua tatu kutoka niliposimama na ufagio wangu.

Kazi yangu katika duka la Dwight ilikuwa nyuma, kwenye chumba cha shabaha. Nilizoa maganda ya risasi, nilisafisha bastola za kukodisha, nilibandika karatasi mpya za kulengea, na akiingia mtu mgeni nilisimama nyuma yake nione hamgeuzii mwenzake mtutu. Nilikuwa na miaka mitatu pale. Dwight alinichukua nilipotoka kwa wazazi wangu nikiwa na gauni moja na darasa la nane kichwani, kwa maana kwetu sisi Waamishi, Wakristo wa mashambani tusiotumia umeme wala gari, shule inaishia hapo. Ukishajua kusoma Biblia na kupima mbao unarudi zizini. Alinipa kazi wengine waliponicheka. Hilo silisahau. Lakini alikuwa haoni mikono.

Mimi naona mikono. Aliyekua akikamua ng'ombe kumi na wanane kila alfajiri anajua kidole gani kinafanya kazi na kipi kinasindikiza. Mtu akiingia dukani, kabla sijamtazama usoni nimeshautazama mkono: upana wa kiganja, urefu wa kidole cha shahada, kama viungo vimevimba, kama kucha ni ndefu.

Huyu aliyeingia Jumanne alikuwa mdogo wa umbo, miaka thelathini na kidogo, amevaa sare ya bluu ya wale wanaokwenda kuuguza wazee majumbani. Aliitwa Twila Maddox. Mkono wake wa kulia, kidole cha kati na cha pete havikunyooka. Vilikuwa vimepinda kama vijiti vilivyovunjika vikaungana vyenyewe.

"Karibu, mrembo," Dwight akamwambia. "Tukulinde na nani leo?"

"Na aliyekuwa mume wangu," Twila akajibu. Hakutabasamu. "Yuko jela ya wilaya. Anatoka Jumatatu."

Dwight akaweka uso wa msibani, akauweka kidogo tu, kisha akautoa. "Pole sana. Basi umefika panapotakiwa. Utabeba kwenye mkoba au utavaa kiunoni?"

"Sijui. Sijawahi kushika bastola maishani."

"Usihangaike, kipenzi. Nina kitu chako."

Akavuta droo ya chini. Mimi ile droo niliijua. Zimo bastola ndogo ndogo, nyepesi, za rangi kama pipi: waridi, zambarau, bluu. Akaiweka moja juu ya kitambaa.

"Mwanamke mdogo, bastola ndogo," akasema. Ulikuwa wimbo wake, aliwaimbia wote. "Hata simu yako ni nzito kuliko hii. Utaivaa mpaka usahau kama unayo."

Twila akaishika. "Kweli nyepesi."

"Umeona? Imekukaa kama glavu. Sasa niambie, zambarau au bluu?"

"Bluu," Twila akasema baada ya kufikiri. "Ifanane na sare."

Basi. Hakumwambia aikoki, avute chuma cha juu nyuma. Hakumuuliza vile vidole vimekuwaje. Hakumwambia kwamba nyuma ya ule ukuta kuna bastola nne za kukodisha, na kwamba mtu anaweza kufyatua kila moja kabla hajaamua. Alimpa karatasi ya serikali ajaze, akapiga simu yake ya kuuliza kama mteja ana rekodi mbaya, na nusu saa baadaye Twila akatoka na kiboksi chake. Juu ya mlango aliopitia kuna kibao alichokiandika Dwight kwa mkono wake: BASTOLA IKISHATOKA HAIRUDI.

Nami nilifanya nini? Nilifagia. Lazima niliseme hilo pia.

*

Alhamisi alirudi kuijaribu. Nilimpa viziba masikio na miwani, nikamwonyesha mstari wa kusimama. Akashindwa kuikoki.

Ieleweke hapa, maana wanaume wa dukani wamelisema hili kinyume mpaka watu wameliamini. Bastola ikiwa ndogo, springi yake inakuwa ngumu, si laini. Kile chuma cha juu unachokivuta nyuma ili risasi iingie, kwenye bastola ndogo ni kifupi, kinateleza, na kinakupinga kama punda. Na teke lake, ule msukumo unaokurudia ukifyatua, ni baya zaidi. Chuma kizito hulimeza teke. Chuma chepesi hukuachia ulimeze wewe. Kwa hiyo ile wanayosema ni ya kike ndiyo inayotaka mkono wa mfua vyuma. Dwight mwenyewe kiunoni alivaa lile lidude kubwa zito, na sikuwahi kumwona akifyatua kutoka kwenye ile droo ya pipi.

Nilimsaidia Twila kuikoki. Akafyatua ya kwanza. Bastola ikaruka, ikamchana pale kati ya dole gumba na kiganja. Ya pili ikatoka, ganda likakwama. Nikalitoa. Ya tatu akafumba macho kabla ya mlio. Karatasi ilikuwa hatua saba mbele yake na haikuwa na tundu hata moja.

Dwight alikuwa anatazama kupitia kioo pamoja na wateja wake wawili. Akabonyeza kipaza sauti chake.

"Kaza kiganja, mrembo! Umeishika kama kuku aliyeshachinjwa!"

Wale wawili wakacheka. Twila akaiweka bastola mezani polepole, mtutu mbele, kama nilivyomwonyesha. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye kifundo cha mkono.

"Labda mimi siwezi tu," akasema. "Labda siyo watu wote wameumbiwa hivi vitu."

"Vidole vilivunjikaje?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo siku tatu. "Mlango wa gari. Royce, huyo aliyekuwa mume wangu, aliufunga. Kisha akaufungua, akasubiri nitazame, akaufunga tena."

Kuna hasira ambayo ukiifungulia kinywa inatoka matusi tu, na mimi nililelewa nisitukane. Nikaenda kabatini nikaleta zile nne za kukodisha.

Ya kwanza ilikuwa ya silinda, ya kizamani, haihitaji kukokiwa. Triga yake nzito. Kidole kikamtetemeka mpaka mtutu ukachora duara. "Hapana," nikasema. Ya pili kubwa, mpini mnene kama kopo la maharage, dole gumba na kidole cha kati havikukutana. "Hapana." Ya tatu ilimkaa vizuri lakini springi ikamshinda. Ya nne ilikuwa ndugu wa ile ya bluu, nikairudisha hata kabla hajaigusa.

"Zimekwisha?" akauliza.

"Za Dwight zimekwisha."

Nikachomoa ya kwangu kiunoni. Niliinunua mwaka wa pili wa kazi, baada ya kuzijaribu zote zilizopita mikononi mwangu. Si ndogo, si kubwa. Ni nzito kidogo, ukiivaa unajua umeivaa, lakini ule uzito unatulia. Springi yake laini, imetengenezwa hivyo makusudi. Mpini mwembamba. Haina rangi yoyote ya kuelezea.

Nikaitoa risasi, nikampa. "Usivute kwa vidole. Weka kiganja cha kushoto juu yake, kifunike kama unafunika sufuria. Sasa huo wa kushoto usiuhamishe. Wa kulia ndio usukume mbele, kwa bega. Vidole vyako vilivyopinda viache vipumzike, hatuvihitaji."

Akasukuma. Chuma kikarudi nyuma, kikaachia, *klak*.

"Ee," akasema.

"Tena."

Akarudia mara sita. Nikatia risasi. Alifyatua kumi, polepole, macho wazi. Nane zilikaa mahali pangefunikwa na sahani ya chai. Akavua miwani akanyoosha shingo aione karatasi vizuri, akaanza kucheka, kisha akajizuia kama mtu aliyecheka kanisani.

Tukaenda wote wawili kwa Dwight. Nilimweleza vizuri, kwa adabu. Nikamwambia mkono wake umevunjika, ile ndogo hawezi kuikoki, naomba ambadilishie.

"Kibao kinasemaje?" Dwight akauliza.

"Nakijua."

"Kisome. Si umesoma mpaka darasa la nane?"

Wale wateja wawili wakacheka tena. Dwight akamgeukia Twila, akalainisha sauti. "Mama, ni mazoezi tu. Njoo Jumamosi, nina Darasa la Wanawake, kwako bure. Usimsikilize huyu. Huyu alikuja mjini kwa kigari cha farasi, juzi tu alikuwa hajui taa inawashwaje."

Nje, Twila aliniuliza swali lililokuwa dhahiri. "Ile yako. Huwezi kunipa tubadilishane?"

"Hapana," nikasema. "Kosa ni la Dwight, alitengeneze Dwight. Njoo Jumamosi."

Akanitazama kidogo. Akasema sawa.

*

Darasa la Wanawake hufanyika kwenye chumba cha mbele. Kuna kahawa, kuna maandazi ya sukari, na kila mwanafunzi huja na bastola yake tupu ndani ya boksi. Jumamosi ile walikuwa tisa. Saba walikuwa wamenunua pale pale. Mbele kabisa alikaa Geneva Obermiller, miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa shule, mwenye viungo vya vidole vilivyovimba kama tangawizi na mdomo usiofungwa.

Dwight alianza na somo lake la kila wiki. "Leo tunazungumza starehe. Bastola ya kubeba kwa siri ni kama kiatu, ikikusumbua utaiacha nyumbani. Kwa hiyo bora ni ipi? Ni ile unayosahau kama umeivaa."

"Mimi yangu naisahau kweli," Geneva akasema. "Iko kwenye kabati la sukari tangu Krismasi."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama na sahani ya maandazi. Nikamwona Twila akiufunika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Nikaiweka sahani.

"Dwight, naomba niulize kitu."

"Uliza haraka."

"Kila aliyenunua hapa, aikoki ya kwake. Tupu. Magazini, kile kibweta cha risasi, nje, mtutu kwenye ndoo ya mchanga pale. Mara moja tu, mbele yetu."

"Hilo ni somo la wiki ya tatu."

"Royce Maddox hasubiri wiki ya tatu."

Wilaya yetu ni ndogo, jina lile walilijua. Geneva akainuka wa kwanza, goti likalia. Nilikagua bastola yake ya waridi, tupu. Akaelekeza kwenye mchanga, akavuta. Hakuna kilichosogea. Akaibana mapajani, nikamzuia. Akavuta tena mpaka shingo ikamwiva.

"Dwight," akasema akihema, "mikono hii imeinua masufuria ya watoto mia nne. Imenyonga batamzinga. Hiki kidude chako hakinisikii kabisa."

"Ni umri, Geneva, usikasirike."

"Nilikuwa na umri huu huu uliponiuzia."

Akaja wa pili, mwalimu wa chekechea. Akashindwa. Wa tatu, binti mrefu wa kwenye ghala la mbegu, akaikoki bila shida, akatuona kama wazushi. "Mnavuta kizembe," akasema. "Mimi naipenda yangu." Sawa. Naye nimemweka humu, sitaki kudanganya. Wa nne akashindwa. Wa tano aliweza, lakini ukucha ukamkatika na akalia, si kwa maumivu, nadhani. Wa sita akashindwa. Twila akawa wa mwisho. Aliinuka, akaishika ile ya bluu, akavuta kwa vile vidole viwili vilivyopinda na vile vitatu vizima, na sote tukatazama kidonda cha Alhamisi kikifunguka upya. Akairudisha kwenye boksi.

"Saba," nikamwambia Dwight. Sauti yangu haikuwa ya adabu tena. "Wawili wameweza. Watano umewauzia jiwe. Mtu akimfuata mmoja wao kwenye maegesho, atamrushia? Uliwauliza rangi! Huyu ulimuuliza zambarau au bluu, mkono wake umevunjwa mara mbili kwenye mlango wa gari, uko mbele ya macho yako juu ya kioo chako mwenyewe, wewe unamuuliza rangi!"

"Ruthann. Punguza sauti."

"Miaka mitatu nimepunguza! Kila wiki nafuta damu kwenye ile meza kwa kitambaa. Wanakuja mara moja, wanaumia, hawarudi. Wewe unasema wanawake hawadumu. Hawadumu kwa sababu unawapa kitu kinachowauma halafu unawaambia mikono yao ndiyo mibovu!"

Dwight hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alifunika kalamu yake. "Wangapi hapa mnafikiri binti wa kukamua ng'ombe anajua bastola kuliko mimi?"

Nilidhani watasimama. Nawaambia ukweli, nilisimama pale nikisubiri watu wainuke kama kwenye hadithi. Mwalimu wa chekechea alitazama viatu vyake. Yule binti wa mbegu akajitwalia andazi. Geneva peke yake akasema, "Mimi sijui nani anajua nini, ila hiki chako sikitaki," na Dwight akamwonyesha kibao mlangoni.

"Chukua koti lako," akaniambia mimi. "Hapa huna kazi."

*

Nje kulikuwa na baridi ya Aprili na matope kwenye kokoto. Nilitembea kwenye maegesho nikirudi na kwenda, nikiongea peke yangu kwa lugha ya nyumbani. Niliifikiria sura ya Dwight. Nilifikiria mambo ambayo ningeyasema vizuri zaidi.

Twila akatoka. Akaja mpaka niliposimama, boksi lake kwapani.

"Ulisema vizuri," akasema.

"Ataona. Wale watano wakienda kusimulia makanisani kesho, ataona. Nitazunguka mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mwisho wa mwezi atakuja kuniomba..."

"Ruthann."

"...atakuja kuniomba radhi na kuuacha ule wimbo wake wa mwanamke mdogo, na mimi..."

"Dada, nisikilize!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Ilinizidi. "Mwisho wa mwezi wa nani? Mimi nina kesho tu. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi naingia kwenye gari, naenda kumuogesha bibi mmoja kule mwisho wa barabara ya vumbi, hakuna jirani, na Royce anaijua ile njia. Alhamisi nilikuomba ile bastola. Ungeweza kunipa. Ukaniambia Dwight alitengeneze. Ulitaka kumshinda Dwight. Haya, umemshinda, au amekushinda, sijui. Mimi bado ninayo hii."

Akaligonga boksi kwa kile kidole kilichopinda.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa ya uongo. Alhamisi sikumpa kwa sababu ilikuwa yangu na niliipenda, na kwa sababu nilitaka afike Jumamosi na mkono wake ule ili Dwight auone mbele za watu. Niliuleta mkono wake uwe ushahidi wangu. Dwight hakuutazama, mimi niliutazama nikaona hoja.

Hasira haikuondoka. Ila ilinigeukia, ikaniuma upande wangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikafungua mkanda wa suruali. Nikavua ala ya ngozi na bastola ndani yake, nikatoa magazini, nikatoa ile risasi ya ndani, nikamwonyesha chemba tupu. Sheria ya jimbo letu inaruhusu mtu na mtu kubadilishana kama wote ni wakazi na hakuna kati yao mwenye katazo. Tukaandika kwenye karatasi ya kufungia maandazi, juu ya boneti ya gari lake: jina langu, jina lake, namba za bastola zote mbili, tarehe, sahihi. Nikachukua ya bluu. Nikaitia mfukoni mwa koti kama mtu anayechukua panya aliyekufa.

"Vaa," nikamwambia.

Akaivaa nyonga ya kulia, pale ambapo kila mtu huambiwa avae. Akashusha blauzi ya sare. Haikuonekana. "Nzito," akasema.

"Itakuwa nzito wiki mbili. Kisha nyonga itazoea. Inakubana?"

"Hapana. Naijua ipo, basi."

"Vizuri ujue ipo. Haya, nenda."

Aliingia kwenye gari, akafunga mlango, akafunga mkanda wa kiti. Mimi nilishaanza kuondoka. Sijui nini kilinigeuza; nadhani ni mkono tena. Niliona kupitia kioo mkono wake wa kulia ukishuka kwenye nyonga, ukasimama, ukatafuta. Pale pale penye bastola ndipo mkanda wa kiti unapofungiwa, maana magari ya kwetu usukani uko kushoto. Kile kidude cha kufungia kilikuwa kimekaa juu ya mpini. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa mkanda, plastiki, blauzi.

Nikarudi nikafungua mlango.

"Unakaa kwenye gari saa ngapi kwa siku?"

"Tano. Sita."

"Na Royce, atakukuta wapi?"

Alitazama usukani.

Miaka mitatu nilisimama nyuma ya watu kwenye chumba cha shabaha, nikijiona najua yote, na wote walikuwa wamesimama wima. Sikuwahi kumtazama mtu aliyekaa. Hata mimi gari sina.

"Shuka," nikasema. "Tunaanza upya."

Tukaihamisha ala. Mbele ya tumbo, mpini ukamchoma mbavu alipokaa. Nyuma ya mgongo, akaikalia, isingetoka kamwe. Mwisho tukaiweka upande wa kushoto, mbele ya nyonga, mpini ukiuelekea mkono wa kulia. Akakaa, akafunga mkanda. Mpini ukabaki huru, juu ya mkanda, karibu na kifungo cha blauzi. Nikamwambia aitoe tupu, mtutu uende mlangoni, usipite juu ya paja lake wala juu ya mkono wake wa kushoto. Mara ya kwanza blauzi ikakwama. Nikamfungulia kifungo kimoja cha chini. Mara ya pili ikatoka.

"Tena," nikasema.

Dwight alikuwa dirishani anatutazama, kikombe mkononi. Geneva naye alitoka, akaja kusimama kando yangu na boksi lake la waridi, akataka kusema kitu, akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza.

"Tena. Fungua mkanda kabisa, ufunge, weka mikono kwenye usukani. Usitazame chini. Nitazame mimi. Mimi ndiye Royce, nimesimama hapa dirishani, nakuita jina lako."

"Usiseme wewe ni Royce."

"Twila," nikasema, kwa sauti nene.

Mkono wake ukaondoka kwenye usukani, ukashuka bila kupapasa, na vile vidole viwili vibovu vikazunguka mpini pamoja na vizima. Akaitoa, akaishikilia kifuani mtutu ukielekea mlangoni, macho yakiwa kwangu, hakuyafumba.

"Hiyo ni moja," nikamwambia. "Rudisha. Nataka kumi zinazofanana."

Akafunga mkanda.